Msipite Mbugani

Mimi nikipanga safari, imepangika. Hamim, mume wangu, anasema hiyo ni tabia ya wauza vitambaa, watu wa kupima mara nyingi kabla ya kukata. Sawa, na iwe hivyo. Duka langu liko Tarime mjini, na tangu nilifungue sijawahi kukosa kitenge cha sikukuu kwa kisingizio cha tope. Mvua za huku najua zinaanza lini na zinachoka lini. Gari naendesha mwenyewe, Escudo kuukuu ya rangi ya maziwa ambayo Hamim ameichomelea mara nyingi hadi anadai nusu yake ni mali ya karakana yake.

Kwa hiyo Pude aliponiambia kwamba uhamisho wake umekubaliwa, na kwamba anaondoka Mara bila kumwona nyumbu hata mmoja, sikungoja kuombwa. Nilimwambia tu tutakwenda.

Pude ni Pudensiana, nesi wa Nyamwaga. Alikuja kutoka Muleba akiwa msichana mwenye sanduku moja, akiwaogopa Wakurya kwa hadithi alizosikia njiani. Siku hizi ukipita naye kata ile hufiki popote, maana kila mama anataka nesi asimame aone mtoto aliyemzalisha alivyokua. Mimi na yeye tulifahamiana kwa ugomvi. Alikuja dukani kutafuta kitambaa cheupe cha sare, nikamwonyesha, akakitoa nje juani akasema hiki si cheupe. Nilikasirika. Kisha nikakitazama mwenyewe pale juani, nikaona kweli si cheupe, na tangu siku hiyo hakuna ninayemwamini kama yeye.

Sasa sababu ya safari. Mama yake Pude amepoteza macho. Presha ya macho ilichukua jicho la kwanza, ikarudia la pili, na siku hizi anajua kumekucha kwa joto la jua usoni. Ndiyo maana Pude aliomba kurudi kwao. Na mama huyo si mtu wa kuomba vitu. Anasa aliyowahi kuitamani ni moja tu. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori la kahawa, na safari moja alipokuwa anakatiza Serengeti, nyumbu walimzuia nusu siku nzima, lori haliendi mbele wala halirudi nyuma. Alifika nyumbani na hadithi hiyo, akaahidi kwamba ipo siku atampeleka mkewe akaone. Hakumpeleka. Pude alipopangiwa kazi Mara, mama alifurahi, akaona ahadi imepata wa kuirithi. Kila likizo alimwuliza, umeshawaona? Kila likizo Pude alijibu, mwaka huu, mama. Lakini wajawazito wa Nyamwaga hawapangi kujifungua kwa kufuata msimu wa nyumbu.

“Nilitaka nimlete aje mwenyewe,” Pude aliniambia, amekaa kwenye kiti cha wateja. “Amekataa. Anasema macho yake hayana kazi tena huko. Nikatazame mimi kwa niaba yake, halafu nirudi nimsimulie vizuri. Alilisema hilo neno mara mbili, vizuri. Nikienda bila simulizi hiyo, Samira, nimekwenda mikono mitupu.”

“Huendi mikono mitupu,” nilisema.

Hamim alitaka tungoje Agosti. Alisema kila mtu anajua Agosti ndiyo nzuri, ardhi imekauka na gari linajiendea lenyewe. Nilimwambia Agosti nyumbu wako kaskazini mpakani na kila gari la watalii liko nyuma yao, na isitoshe Pude anatakiwa kuripoti kazini mwisho wa Juni. Nilichagua mwanzo wa Juni. Mvua kubwa zimekwisha, nyasi bado mbichi, vumbi halijaanza, na nyumbu wanakuwa wametoka kusini wanaingia magharibi, upande wetu huu. Magari ni machache. Mimi sipendi kumtazama simba juu ya mabega ya watu, na simba naye nadhani hapendi. Hamim alicheka, kisha akaenda kukagua gia ya kuvuta magurudumu yote manne, na hiyo ndiyo namna yake ya kukubali.

Pa kulala palikuwa kwa Agustina, Mwikoma mmoja anayechukua vitenge kwangu. Yeye na akina mama wenzake wana mahema machache kwenye ardhi ya ukoo wao, ng'ambo ya Mugumu ukielekea lango la Ikoma. Mgeni wao anakula kinacholimwa na kupikwa palepale, kwa hiyo alichotoa kinabaki kijijini. Agustina ana sheria kali kuliko za mama mkwe. Taka ulizokuja nazo unaondoka nazo. Mti mbichi haukatwi, hata tawi. Na gari haliachi njia, hata njia ikiwa mbaya namna gani, kwa sababu anayekwepa dimbwi leo amezaa njia mpya, kesho mwingine ataikwepa hiyo, na baada ya misimu michache uwanda wote ni njia na majani hakuna. Alinieleza hayo akiwa dukani kwangu anachagua vitenge, kwa ukali, kana kwamba nimeshakosea. Nilimpenda papo hapo.

Nikapanga kwa kufuata sheria zake. Maji yalikaa kwenye dumu, si chupa ndogondogo za kutupa, na pilau kwenye hotipoti. Nilichukua jiko dogo la gesi, kikapu cha taka, sepetu na kamba ya kuvutia gari. Kisha nikampigia simu nimwulize nyumbu wako wapi.

“Wako mbugani,” Agustina alisema. “Wameanza kuingia juzi. Njooni.”

Nikamwambia Pude, wako mbugani. Tulielewa wote wawili kama anavyoelewa mtu yeyote wa mjini. Mbuga ni Serengeti, ni lango na kibali na askari wa wanyamapori mwenye kofia. Mpango ukawa Jumamosi tulale kwa Agustina, Jumapili alfajiri tuingie langoni, Jumatatu turudi, na Jumanne Pude apande basi la kwao. Redio ilisema kutakuwa na mvua za hapa na pale, na mimi mvua za hapa na pale siziogopi. Tatizo ni kwamba redio haikusema pale ni wapi.

Tuliondoka Tarime asubuhi, anga safi. Nyamwaga tulisimamishwa, kama nilivyojua, na mama mmoja akapakia mkungu mzima wa ndizi kwenye gari bila kuuliza. Mzee mmoja aliyekuwa anapeleka ng'ombe malishoni alikuja hadi dirishani.

“Shikamoo, baba,” Pude alimwamkia.

“Marahaba. Nimesikia unatuacha.”

“Nakwenda kwa mama, baba. Anaumwa macho.”

“Nenda, mama ni mama. Lakini ukifika huko uwaambie kwamba huku ulikuwa na watu.”

Pude alilia kutoka hapo mpaka Nyangoto, pale malundo ya mawe ya mgodi yanapoanza. Nilimwacha alie, maana kilio cha namna hiyo hakina dawa, na mwenye dawa alikuwa yeye.

Mto Mara tuliukuta umejaa, maji mazito yamebeba magogo. Niliyaona, nikajua imenyesha sana huko juu, nikaendelea, kwa sababu daraja ni imara na huko juu si tunakokwenda. Tulipoingia wilaya ya Serengeti nchi ilifunguka, vilima vikabaki nyuma, na Pude akajipangusa uso akaanza mazoezi ya kumsimulia mama yake.

“Mama, nyumbu ni mnyama mwenye ndevu,” alianza.

“Unaanzia ndevuni?” nilimwuliza. “Sema kwanza uko wapi.”

“Mama, niko mbugani.”

“Hapo sawa. Endelea.”

Aliendelea hadi Mugumu. Alisema nyumbu ana mkia wa farasi na mabega ya ng'ombe dume, kisha akafuta akaanza upya, akisema mama hajawahi kumwona farasi kwa karibu. Nilimwona anavyohangaika nikaelewa kwamba safari hii haikuwa matembezi kwake. Alikuwa anakwenda kuchukua kitu, na aliogopa kukidondosha njiani.

Mugumu tulisimama kwa binamu yangu Shamsudin, anayeuza spea za magari. Chai ilikuwa bado mezani simu ikaita. Agustina alikuwa mahali penye upepo, na mtandao ulikuwa unakatakata.

“Mama Ikram, huku jana imepiga mvua kubwa,” alisema. “Mkitoka hapo Mugumu…” Hapo sauti ilipotea, ikarudi. “…mbugani. Mnanisikia? Msipite mbugani. Nasema msipite mbugani.”

“Tumekusikia,” nilisema, na simu ikakata.

Pude aliweka kikombe chini. “Kama mbugani hakupitiki, kesho tunaingiaje?”

“Kesho ni kesho. Leo tufike kwanza.”

Shamsudin ni mtu wa ushauri. Muulize asichokijua, atakujibu haraka zaidi. Alisema jambo lenyewe ni jepesi. Barabara kubwa ya changarawe inapita kando ya pori la akiba, wanyama wanaivuka, huko ndiko mbugani anakosema mwenyeji wenu. Lakini ipo njia ya mkato. Inakata mashambani, inaingia uwandani, inatokea kwa Agustina moja kwa moja. “Haigusi mbuga hata kidogo,” alisema, na akatuchorea kwa kidole juu ya meza. Nilimshukuru. Nilijisifu pia moyoni, kwamba tumeambiwa na tumesikia, si kama wale wanaoonywa halafu wanajifanya vichwa vigumu.

Njia ya mkato ilianza vizuri. Tulipita mashamba ya mtama na mahindi yaliyokomaa, tukapita ng'ombe wengi, kisha mashamba yakaisha na uwanda ukaanza, majani mabichi pande zote. Udongo ulibadilika rangi chini yetu. Uliacha wekundu, ukawa kijivu, ukawa mweusi. Nikauona na nikausifia. Nilimwambia Pude, angalia udongo wenye rutuba.

Halafu tukafika kwenye dimbwi. Kushoto na kulia watu walikuwa wameshalikwepa, kila mmoja kwa njia yake, na uwanda umechanwachanwa na matairi. Nikakumbuka sheria ya Agustina. Nikatia gia ya magurudumu manne nikaenda katikati, kwenye njia halali, kwa nidhamu. Gari lilikwenda, likapungua, likaguna, likakaa. Nilipojaribu kurudi nyuma likakaa zaidi. Udongo ule haukamati gurudumu, unalimeza. Nilishuka nikachota kwa sepetu, na sepetu ikagoma kutoka. Kandambili zangu zilijaa udongo hadi nikarefuka, nikarudi garini nikiwa na miguu mizito kama ya tembo.

Nikampigia Agustina. Safari hii mtandao ulikuwa safi kabisa.

“Mko wapi?” aliuliza.

“Kwenye njia ya mkato. Tumekwepa mbuga kama ulivyosema, lakini gari limezama.”

Aliuliza tena. “Mama Ikram, hapo uliposimama udongo ni wa rangi gani?”

“Mweusi.”

“Na unanata?”

“Unanata sana.”

“Hiyo ndiyo mbuga,” Agustina alisema. “Nimewaambia msipite mbugani, mkaenda kuingia katikati yake.”

“Sisi tulijua mbuga ni kule kwa wanyama. Langoni.”

“Kule ni hifadhini. Hifadhi ni hifadhi, mbuga ni mbuga. Mbuga ni udongo mweusi, mvua ikinyesha haupitiki. Kwani nyie huko Tarime mnalima wapi?”

“Kwenye udongo mwekundu.”

“Ndiyo maana,” alisema. “Ile ya changarawe ndiyo ilikuwa barabara yenu. Haya, nitulie nione nafanya nini.”

Sikubali hadi leo kwamba nilikosea. Nilikasirikia neno lenyewe. Redio inasema mbuga za wanyama, vitabu vya shule vya mwanangu Ikram vinasema mbuga za wanyama, halafu mtu anakuja kuniambia mbuga ni tope. Nilimkasirikia Shamsudin na kidole chake. Nilisema mengi, na Pude alinisikiliza yote, mkungu wa ndizi nyuma yake. Nilipomaliza aligeuka akanitazama.

“Tukilala hapa, Jumapili imekwenda,” alisema. “Na Jumanne napanda basi. Nitamwambia nini mama?”

Hapo hasira iliniisha, nikabaki na huzuni tupu. Kuharibikiwa na mpango wangu ningevumilia, maana nimeshaharibikiwa na mengi. Lakini mpango ule ulikuwa umebeba wa mtu mwingine ndani yake. Nikashuka tena, nikachukua panga chini ya kiti. Kulikuwa na migunga michanga hatua chache kutoka njiani, na matawi yake yangetosha kutandikwa chini ya magurudumu.

“Samira,” Pude aliita kutoka dirishani. “Unakwenda wapi na panga?”

“Kukutoa hapa.”

“Mti mbichi haukatwi. Umenihubiria hilo tangu Tarime.”

“Pude, leo ni dharura.”

“Na aliyepita kabla yetu naye alikuwa na dharura. Rudi. Mimi siwezi kumwambia mama nilifika kwa kuharibu.”

Nilirudi. Si kwamba nilikosa la kujibu, nilikuwa nalo. Ila niliona kwamba mwenye haja kubwa pale alikuwa yeye, na kama yeye anaweza kukaa, mimi ni nani wa kufyeka. Nikarudisha panga chini ya kiti na kufungua hotipoti.

Agustina alipiga tena. Alisema trekta la kijiji likija litazama kando yetu tuwe wawili, kwa hiyo anakuja na maksai, jozi mbili za kulimia, wanaoijua mbuga tangu wangali ndama. “Si mlitaka utalii usioharibu mazingira?” alisema. “Basi mtavutwa na ng'ombe. Mkae ndani ya gari, msitembee ovyo.” Nilimsikia akicheka na wenzake kabla ya kukata simu, na sikumlaumu.

Tulikula pilau. Tulikula ndizi. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea, upepo mdogo unapita juu ya majani, na kwa mbali nikasikia kitu kama watu wengi wanaoguna bila kufungua midomo.

“Nini hicho?”

Pude aliinua kichwa. “Vyura,” alisema. “Kwetu kwenye majimaji ya ziwani, mvua ikishanyesha wanalia hivyohivyo. Mama anasema wanashukuru.”

Ilionekana sawa, maji yalikuwepo tele. Tukaendelea kula. Lakini vyura wale walikuwa wanasogea. Guno lilikuwa mbele yetu, kisha likawa mbele na kulia, na Pude aliacha kutafuna. Kwenye mwinuko uliokuwa mbele yetu ukatokea mstari mweusi. Nilidhani ni kivuli cha wingu, nikatazama juu, na wingu halikuwepo.

Walishuka mwinuko taratibu, wakila, wala hawakuwa na haraka. Mbele walitangulia wachache, wamening'iniza vichwa vyao virefu vya huzuni, kisha mwinuko wote ukawafuata. Ndama wa mwaka huu walikuwa wanakimbia kandokando ya mama zao, wanasimama, wanakimbia tena. Walipolifikia gari letu waligawanyika, nusu wakapita kushoto na nusu kulia. Walitutazama kidogo tu, wakarudi kwenye majani. Harufu yao iliingia ndani, harufu ya zizi na majani yaliyokanyagwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Agustina, ile simu ya kwanza. Wako mbugani, alisema, wameanza kuingia juzi. Alikuwa amesema kweli mara zote mbili. Nyumbu wanafuata majani machanga yanayoota kwenye udongo mweusi baada ya mvua, na majani hayajui lango liko wapi. Kama ningelielewa neno lile, tungekuwa tumekaa kwa Agustina tunakunywa chai, na hawa wangekuwa wanapita huku bila sisi. Nilifurahi mno, na nilijivunia mpango wangu kana kwamba ndivyo nilivyoupanga. Hata sasa Hamim akiuliza, namwambia ndivyo nilivyoupanga.

Pude alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kisha alitoa simu, akampigia mama yake na kuweka sauti ya nje.

“Shikamoo, mama,” alisema. “Niko na Samira hapa, yule rafiki yangu wa vitambaa.”

“Shikamoo, mama,” nami nilisema.

“Marahabani, wanangu.” Mama alikuwa anaongea Kihaya na bintiye siku zote, lakini aliposikia sauti yangu alihamia Kiswahili, polepole, ili nami nielewe. “Mko wapi?”

“Mama, niko mbugani,” Pude alisema, na mimi nikauma midomo nisicheke.

“Umewaona?”

“Wapo mbele yangu. Wapo nyuma. Wamelizunguka gari.”

“Gari linatembea?”

“Limekwama, mama. Haliendi mbele wala halirudi nyuma.”

Pude aliangalia simu aone kama haijakatika.

“Ndivyo alivyosema baba yako,” mama alisema. “Maneno hayohayo. Nusu siku nzima, mbele haliendi na nyuma halirudi.” Akavuta pumzi. “Pudensiana, mimi sikumwamini. Miaka yote hiyo. Nilijua ni uongo wa madereva, nikasema moyoni, huyu alilala kwa mwanamke. Nikamwomba anipeleke ili nimkamate.”

“Mama.”

“Basi ilikuwa kweli. Maskini, ilikuwa kweli. Haya, nisimulie.”

Pude alifungua mdomo. Yale yote aliyoyapanga tangu Mto Mara yalimkimbia, niliyaona yakimkimbia. “Ni wengi, mama,” alisema. “Ni wengi sana. Wana ndevu. Wana ndama. Mabega yao…” Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anayapangusa kwa mkono wa gauni, huku akitafuta neno la mabega.

“Hao vyura wanaolia hapo, wametoka wapi?” mama aliuliza.

“Si vyura, mama. Ndio wenyewe hao. Ndiyo sauti yao. Sasa ngoja nikueleze, pembe zao zimekaa hivi…”

“Pudensiana.”

“Bee, mama.”

“Nyamaza, mwanangu. Niache nisikie mwenyewe.”

Pude aliteremsha kioo hadi chini, akaunyoosha nje mkono wenye simu, juu ya migongo yao. Aliushikilia hapo mpaka ukaanza kutetemeka kwa uchovu, nami nikainama juu yake nikamsaidia kuushika.